Kijiti cha Oloirien na Sinki Namba Saba

Karatu, juu ya barabara ya kwenda Ngorongoro,
masika yakiishia.

Yeyo, mama yangu,

Takwenya. Nakusikia ukiitikia "Iko" kutoka huko Ololosokwan, kwa sauti ile ya mtu aliyeinamia kazi na ambaye hajainua uso kuona ni nani anayemsalimu. Nimeinamisha kichwa hapa kwenye karatasi, kama mtoto anayesalimu mkubwa wake. Weka mkono. Wifi, wewe unayemsomea, ukifika hapa nyamaza kidogo, mwache aweke mkono juu ya karatasi, kisha ndipo uendelee.

Goti la kushoto linasemaje? Mvua imefika mpaka bondeni au imeishia kilimani kama mwaka jana? Yule ng'ombe wa madoa, mwenye pembe iliyovunjika, amezaa? Mimi ni mzima. Baridi ya huku ilinishika kifua siku tano, ya sita ikaniachia.

Naandika kwa sababu kwenye simu hatuongei. Kaka Lemayani anapanda mlimani kutafuta mtandao, anashika simu yeye, anasema yeye, dakika ya mwisho ndipo anakupa wewe, nawe unasema "haya, haya" mpaka inakata. Nimehesabu. Katika simu nne zilizopita umesema maneno kumi na saba, na kumi na moja yalikuwa "haya."

Simu ya mwisho kaka alisema hivi: "Mama anasema vibuyu vinanuka. Mikono yake haikunjiki tena, maziwa yanaharibika. Acha hiyo kazi ya kuosha masinki ya watu, urudi ukae nyumbani, umshikie vibuyu."

Nikamuuliza, "Amesema mama, au umesema wewe?"

"Amesema vibuyu vinanuka. Mengine si yanaeleweka?"

Kwangu hayaeleweki. Swali ni moja tu, nirudi nikae au nisirudi, na nitalijibu humu humu, mwishoni. Nimepata dereva wa gari la wageni, mtoto wa huko kwetu, anayepita kesho kutwa. Ataleta barua hii mpaka mlangoni, naye atapita tena kwako baada ya siku tisa akirudi huku.

Naandika nimekaa ukingoni mwa sinki la kuogea, nyumba namba saba. Nje hakuna kitu. Ukungu umetoka kwenye msitu wa kreta tangu asubuhi, umekula miti, umekula njia, sasa umeingia dirishani kama mgeni asiyejua kubisha hodi. Ni saa nane mchana lakini huwezi kujua. Siku za namna hii kila kitu hapa huwa kinaelea. Nyumba zinaelea. Mimi mwenyewe nikitembea na ndoo yangu nasikia miguu lakini siioni.

Wewe hujawahi kuliona sinki la kuogea, na siku nilipokueleza kwa simu, enzi ulipokuwa bado unaongea, uliniambia niache uongo. Ni kama lile birika la saruji la kunyweshea ng'ombe, ila ni fupi, jeupe, na laini kama tumbo la ndama. Mtu analijaza maji ya moto, analala ndani mpaka shingoni. Uliniuliza, "Halafu anafanya nini?" Nikasema hafanyi kitu, analala tu. Ukacheka mpaka kaka akaniambia umeshika mbavu, ukasema mtu anayelala majini ni maiti.

Hapa kwenye hoteli yetu kuna nyumba kumi na moja za wageni. Kila nyumba ina sinki moja la kuogea na mawili ya kunawia, la mume na la mke, maana wenzetu hawa hata kupiga mswaki wanagawana mahali. Kumi na moja na ishirini na mbili ni thelathini na tatu. Yote yako chini yangu, pamoja na wanawake wanne ninaowasimamia.

Sinki kubwa likijaa ni lita mia moja na tisini. Dumu letu la njano ni lita ishirini, kwa hiyo ni madumu tisa na nusu. Wewe ulikuwa unakwenda chemchemi mara mbili kwa siku, dumu moja mgongoni kila safari, kamba kwenye paji la uso. Kwa hesabu hiyo mgeni mmoja akilala nusu saa amelalia safari zako za siku nne na robo tatu. Mwaka wa kwanza nilikuwa siwezi kuvuta kizibo. Nilikuwa nasimama naangalia maji yale yaliyopoa, yamekaa kimya na picha ya dirisha ndani yake, naona kama kuna mtu yuko njiani anakuja na ng'ombe na atakuta nimeyamwaga. Sasa navuta. Ila bado nageuza uso yanapomalizika, yanapokoroma mwishoni kama mzee aliyesinzia kikaoni.

Mnasema huko kwamba naosha uchafu wa wageni. Ni kweli, na kazi hiyo ina akili yake. Aliyeshuka kreta anaacha mstari wa kijivu kuzunguka sinki, wenye chumvi ya magadi. Aliyetembea mashambani hapa Karatu anaacha mwekundu. Aliyepelekwa Mang'ola kuona vitunguu anaacha mweupe-mweupe kama unga wa muhogo, na taulo lake linanukia kitunguu. Naisoma mistari ile kama kaka anavyosoma nyayo. Nikiingia chumbani najua mtu alikwenda wapi kabla hajanisalimu.

Na kuna utaratibu. Stilwaya hapana, hata siku moja, wala mchanga, wala majivu. Ni sponji laini na sabuni ya maji, unaanzia juu unashuka. Maji ya Karatu ni mazito, yanaacha ukoko mweupe kwenye bomba. Huo unaufunga kitambaa chenye siki dakika ishirini, unafuta, unatoka bila kelele. Unasuuza mara mbili, unakausha. Dakika kumi na nne kwa sinki kubwa, nne kwa dogo. Lakini kabla ya yote unagonga kwa kifundo cha kidole. La chuma linaita kama kengele ya ng'ombe aliye mbali, la plastiki linasema dub, kama debe. Kwa macho yote ni meupe, huwezi kuyatofautisha, na kinachofaa kwa hili kinaliua lile. Kwa hiyo wanawake wangu nimewafundisha neno moja: gonga kwanza. Nitalirudia neno hilo baadaye, kwa aibu.

Miaka saba, Yeyo. Siku mia tatu za kazi kwa mwaka, wastani wa masinki makubwa sita kwa siku. Elfu kumi na mbili na mia sita. Yote yamepita chini ya mkono huu, na hakuna mgeni aliyewahi kusema ni chafu.

Na wewe ulisema nini juu ya mkono huu? Wifi, hapa usiruke. Najua utataka kuruka. Soma.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Ulikuwa mwaka wa ukame, baba na kaka walikuwa wamewahamishia ng'ombe mbali, na kile kibuyu kirefu, chenye shanga za bluu shingoni, kilining'inia ukutani bila tone. Mvua ilipopiga wakarudi, wawili wana maziwa. Ukaniambia, "Leo fukiza wewe, niuone mkono wako." Nilifurahi mpaka nikasahau kula. Nikawasha kijiti cha oloirien, ule mti wetu wa kufukizia vibuyu, nikakipuliza mpaka ncha ikawa kaa, nikakiingiza kibuyuni, nikakizungusha, nikakisugua kila upande, nikapangusa kwa singa za mkia wa ng'ombe, kama nilivyokuona ukifanya tangu nizaliwe. Sikuruka hatua.

Kesho yake baba alipata wageni. Ukamimina. Mzee wa kwanza akaonja, akaweka chini taratibu, akatazama mlangoni. Ukanusa kibuyu. Ukatoka nje ukamwaga maziwa yote mbele ya boma, mbwa wakaja, ukasema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Mkono wa huyu mtoto haufai maziwa."

Mama mdogo wa nyumba ya pili akadakia, "Basi apewe dumu. Maji hayachachi." Watu wakacheka, na baba akacheka. Hukunipiga. Ni bora ungenipiga, kipigo kingeisha siku ile. Tangu hapo sikushika kibuyu tena nyumbani kwetu, nilibebeshwa maji mpaka nina miaka ishirini, kisha nikabeba mfuko wangu mmoja nikashuka Wasso kutafuta basi. Miaka miwili nilifua mashuka hapa mjini kwenye nyumba ya wageni. Kiingereza nilijifunza kwenye chupa za sabuni. Leo nina vyumba viwili vya tofali na hakuna aliyenisaidia kubeba hata moja. Sikulaumu kwa kuondoka kwangu. Nakulaumu kwa lile neno.

Na mimi nina la kukiri. Siku niliyoondoka ulitafuta kijiti kimoja katika lile furushi la oloirien nyuma ya mlango, ukasema panya wamekichukua. Si panya, ni mimi. Kilikuwa na urefu wa shibiri moja. Sijui nilikitaka cha nini. Nilikiweka chini ya sanduku miaka yote hii, na siku za ukungu nilikuwa nakitoa nakinusa.

Sasa sikia nilichokifanya mwezi uliopita.

Nyumba hii namba saba ilikaa bila mgeni siku ishirini na tatu, maana msimu wa mvua wageni ni haba. Kisha meneja wetu akatangaza kwamba wenye mali wanakuja kukagua. Meneja ni Mchaga wa Rombo, tunamwita Mama Upendo, ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, na moyo wake huujui uko wapi mpaka siku ya shida. Nikaja kufungua saba. Harufu! Harufu ya kitu kilichokufa kikasahauliwa. Nikajua ni sinki la kuogea. Nikalisugua juu mpaka chini, nikamimina siki kwenye tundu lake, nikasuuza kwa maji ya moto. Nikatoka, nikarudi baada ya saa moja. Harufu iko pale pale, inanisubiri. Nikarudia kwa magadi. Ikanisubiri tena.

Na hiyo ilikuwa siku moja tu baada ya ile simu ya kaka. Kichwani nilikuwa na maneno mawili, vibuyu vinanuka, vibuyu vinanuka, yanazunguka kama mtu anayekoroga. Ukungu ulikuwa huu huu. Sijui miguu ilinipelekaje chumbani kwangu. Najua nilirudi na kijiti cha oloirien, nikakiwasha kwenye moto wa tanuri la kuchemshia maji, nikakipuliza mpaka ncha ikawa kaa. Moyoni nikasema, haya, mkono usiofaa, leo tuone.

Nikapiga magoti nikakizungusha ndani ya sinki, kama kibuyu.

Yeyo, ule moshi. Ulipopanda sikuwa Karatu tena. Nilikuwa nyumbani kwako, pale penye giza karibu na kitanda cha ngozi, nasikia mbuzi wadogo wakisuguana ukutani. Nikawaona ng'ombe wakitoka kwenye ukungu mmoja mmoja, bila mchungaji, bila kengele, wakaenda kila nyumba, kumi na moja, wakainamisha vichwa kwenye masinki yale meupe wakanywa. Yule wa madoa alikuja saba. Na wewe ulikuwa umesimama mlangoni unawahesabu kwa kidole, hukuniona. Nikataka kukuita. Nikasikia harufu nyingine, kali, ya mpira unaoungua.

Sikugonga.

Sinki la saba lilikuwa la chuma miaka yote. Lilipasuka rangi, Januari likaletwa la plastiki. Nililipokea mimi, nikaweka sahihi mimi. Nilipoinua kijiti chini yake palikuwa na alama ya kahawia, ndefu kama kiganja. Mimi, mwenye "gonga kwanza."

Mama Upendo alikuja kabla ya miguu yake, maana sauti ilitangulia.

"Nasieku! Umechoma mbuzi kwenye bafu langu?"

"Si mbuzi, Madam. Ni mti."

"Mti! Wageni wanakuja kuoga, wewe unawaandalia moshi kama nyama ya darini?"

"Nilikuwa naondoa harufu."

Akanusa. Akanitazama. "Ilikuwa moja. Sasa zipo mbili." Kisha akaiona alama, na hapo sauti ikashuka, nikaogopa zaidi. "Dada, wakaguzi wanafika kesho saa nne. Hii ikiwa bado ipo, utawaeleza mwenyewe. Na usimamizi nitampa mtu asiyewasha moto ndani ya nyumba."

Nikamwita Gwandu, fundi bomba wetu. Ni Mwiraqw wa hapa hapa Karatu, anaongea polepole kama mtu anayechagua maharage. Akalitazama sinki, akanitazama mimi.

"Wewe si ndiye wa gonga kwanza?"

"Leta msasa, Gwandu. Cheka baadaye."

"Naweza kufanya vyote kwa pamoja."

Tukaanza na msasa wa maji namba mia nane, tukapanda elfu moja na mia mbili, tukamaliza na elfu mbili, maji kidogo kidogo, mkono mwepesi, mduara mdogo. Kisha ile dawa ya kung'arishia magari. Ikatuchukua muda wa saa tatu na dakika arobaini. Alama ikakonda, ikawa kama kivuli cha wingu kinapopita juu ya majani. Haikuisha. Asiyeijua haioni, mimi naiona hata nikifumba macho.

Na harufu ilikuwa bado ipo! Gwandu akakaa sakafuni, akanusa huku na huku kama mbwa wa boma, akasema, "Chumba hiki kimekaa siku ngapi?"

"Ishirini na tatu."

Akachukua jagi la lita mbili, akalala kifudifudi, akapitisha mkono nyuma ya sinki. Huko nyuma sakafuni kuna tundu dogo la kupitishia maji yanayomwagika. Hakuna anayelikumbuka, hata mimi. Akamimina lita zote mbili. Akasema, "Tusubiri."

Tulisubiri dakika kumi. Harufu ikaondoka, Yeyo. Ikaondoka kabisa, kama iliyoitwa kwao.

"Chini ya kila tundu," akanieleza, "bomba limejipinda kama shingo ya bata. Pale kwenye pindo maji kidogo yanabaki, na hayo maji ndiyo mlango. Chumba kikikaa bila mtu yanakauka, mlango unabaki wazi, harufu ya shimo inapanda. Huu si uchafu, dada. Ni ukavu tu. Ungeweza kusugua mpaka Krismasi."

Nilikaa hapa ukingoni, mahali hapa hapa nilipokaa sasa, nikaufunika uso kwa kitambaa cha kukaushia. Gwandu akafikiri ninalilia kazi, akasema, "Usilie, sinki halijafa." Sikuwa nalilia sinki. Nilikuwa nahesabu. Siku ishirini na tatu chumba hiki. Na kile kibuyu cha shanga za bluu, mwaka ule wa ukame? Nilikuwa mtoto wa kuhesabu hata zamani, na kila asubuhi ng'ombe wako mbali nilikuwa nakwaruza mstari kwenye nguzo ya mlango. Mistari kumi na tisa. Iangalie, labda bado ipo. Kibuyu kile kilining'inia siku kumi na tisa kikavu. Mkono wangu ulikuwa na kosa gani?

Wewe unavijua vibuyu kuliko Gwandu anavyojua bomba. Ulijua kibuyu kilichokaa kinaloanishwa kwanza, kinafukizwa mara tatu, na maziwa yake ya kwanza hupewa mbwa. Mimi uliniambia nifukize mara moja. Nimelizungusha hili tangu siku ile. Labda ulisahau, njaa ilikuwa nyingi mwaka ule na ulikuwa unatugawia sisi fungu lako. Au labda wageni walipoonja uliona aibu, ukatafuta mahali pa kuitua, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Kama ni hivyo nakuelewa. Lakini ilinikalia mimi miaka kumi na sita.

Wakaguzi walifika saa nne na robo. Mama mmoja mwenye miwani alipitisha kiganja ndani ya sinki la saba, akasimama palepale penye kivuli. Nikasema kabla hajauliza, "Hapo niliunguza mimi. Nilidhani ni la chuma." Mama Upendo akanitazama kwa jicho ambalo nilijua ndiyo mwisho wangu, kisha akasema, "Ni kweli. Na ndiye aliyelitengeneza mpaka usiku ukaingia. Ningekuwa na wengine kumi kama yeye ningelala mapema." Wakaandika kitu, wakaenda nyumba namba nane. Kazi yangu ipo.

Sasa jibu.

Nimeviwaza vibuyu vyako kama fundi. Wifi amenitumia salamu kwamba mwaka huu wanaokamuliwa ni wawili tu, wakati zamani walikuwa tisa. Vibuyu ni vile vile, vinane. Kwa hiyo sita vinakaa vikavu, na kila siku unatumia kingine kwa sababu hutaki kimoja kionekane kimeachwa. Ndiyo maana vinanuka, Yeyo. Si mikono yako. Mikono yako haijaharibika, kama wangu ulivyokuwa haujaharibika. Chagua viwili, vitumie hivyo hivyo kila siku. Sita vingine Wifi avioshe kwa maji ya moto, avifukize mara tatu, aviache wazi juani, avitundike. Asitie sabuni ya unga, Wifi, nakuomba, najua unatia. Na asubuhi Yeyo atumbukize vidole kwenye beseni la maji ya vuguvugu, dakika ishirini, ajaribu kukunja na kukunjua humo humo ndani. Nimeona wageni wazee wanaingia sinki hili wamekakamaa kama fito, wanatoka wakifunga vifungo vyao wenyewe.

Kwa hiyo kama ni vibuyu, sirudi kukaa. Nisikudanganye. Nimejenga maisha yangu hapa kwa mkono huu na sitayaacha kwa ajili ya harufu ambayo lita mbili za maji zingeitoa.

Lakini nikikaa hapa ukungu ukiingia, nakuona humu. Sikuoni kama maiti. Umevua shanga zako zote umezipanga sakafuni kwa mduara, umelala, maji yamefika shingoni, kichwa chako kilichonyolewa kimeegemea ukingo. Safari zako za siku nne na robo tatu zote ziko chini yako, zimekubeba. Umefumba macho. Mimi nimekaa hapa hapa, nimeshika mkono wako wa kulia, naukunja kidole kimoja kimoja. Hatusemi kitu. Huniambii hata "haya."

Wewe si mtu wa maneno, najua, na kaka ni mtu wa maneno mengi mno. Kwa hiyo sitakuomba useme. Ndani ya bahasha hii kuna kitu nimekifunga kwenye kitambaa cha kukaushia. Wifi, mpe mkononi. Ni kile kijiti. Kimebaki urefu wa kidole changu cha shahada, ncha moja ni nyeusi, na nyeusi hiyo ni ya sinki namba saba. Ni chako, nimekirudisha.

Nina siku ishirini na nane za likizo kwa mwaka, na katika miaka saba sijazileta nyumbani hata moja.

Msalimie kaka Lemayani, mwambie sina kinyongo naye ila simu aiache mkononi mwako. Msalimie mama mdogo wa nyumba ya pili, mwambie maji nayo yana kazi yake, niliyabeba yakanifikisha. Msalimie yule mzee jirani aliyenifundisha herufi kwa kijiti kwenye vumbi. Na wewe Wifi, mama wa watoto wa kaka, asante kwa kusoma hata pale ulipotaka kuruka.

Yeyo, dereva atapita kwako baada ya siku tisa. Kama uliniita kwa ajili ya vibuyu, kiwashe hicho kijiti, kinatosha kufukiza kimoja. Kama uliniita kwa ajili yangu, kirudishe kwa dereva bila neno. Nikikiona, nitakileta mwenyewe, pamoja na siku zangu ishirini na nane.

Kichwa bado nimekiinamisha.

Mwanao wa kwanza wa kike,
Nasieku